Galaksi Nyekundu na Barabara ya Kolwezi

Tunduma, 9 Mei 2025

Mwanangu Gwantwa,

Natumaini u mzima huko Cape Town. Sisi hapa hatujambo, isipokuwa goti la mama yako mdogo Ketrina. Ameacha kupanda kilima kwenda kanisani, anasali na redio, na anasema mchungaji wa redioni angalau hapitishi sahani ya sadaka. Mvua zimeisha mapema. Kule Kafule kahawa ya baba yako imeanza kuiva upande wa bondeni. Leo asubuhi foleni ya malori ilifika kilomita kumi na moja kutoka geti la mpakani.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu zipo. Unajua masikio ya baba yako, kaka Osward: simu yake huiweka spika, na nyumba nzima husikia. Mwezi wa nne mtu alipiga akasema mdogo wako Mika ameonekana hospitalini Likasi. Mama yako alitoka uani akipiga vigelegele, majirani wakaja, kuku wawili wakachinjwa. Siku ya tatu ikajulikana ni Mika mwingine, mtu wa Kyela, mwenye umri wa miaka hamsini. Tangu siku hiyo kaka ameagiza kwamba habari za Mika hazisemwi kwenye simu. Ziandikwe, naye azisome mwenyewe mezani. Ameniapisha. Barua hii anaibeba Ramadhan, yule dereva wa Tanga aliyeoa hapa mtaa wa Sogea. Ataifikisha Johannesburg na kuitia kwenye basi la kwenda kwako.

Ninachokijua kwa hakika ni hiki. Mdogo wako alitoka hapa tarehe 6 Machi na tani thelathini za salfa za kwenda migodini Kolwezi, Kongo. Tarehe 14 alituma ujumbe kutoka mpakani Kasumbalesa kwamba amevuka. Tarehe 19 lori lilikutwa kando ya barabara, ng'ambo ya Likasi. Limefungwa, mzigo kamili, mafuta nusu tanki, funguo hazipo, dereva hayupo. Leo ni siku ya hamsini na sita tangu ujumbe ule.

Jumamosi iliyopita wazee wa ukoo walikaa. Wanataka ukatwe mgomba mchanga wenye urefu wa Mika, uvishwe sanda, uzikwe kwa jina lake, matanga yawekwe na yaanuliwe. Mama yako alisema atakayeleta panga kwenye migomba yake atamkuta amelala chini yake. Baba yako hakusema ndiyo wala hapana. Alisema: "Gwantwa ndiye kifungua mimba. Atoe neno." Mzee Gwalugano akacheka: "Msomi wetu anaona vitu vilivyo mbali hata Mungu amevisahau. Atashindwa kuona Kongo?"

Basi neno linangojwa kwako. Tungoje, au tuzike?

Baba yako mdogo,
Yesaya


Cape Town, 4 Juni 2025

Baba mdogo, shikamoo.

Barua yako imefika jana, imekunjwa ndani ya gazeti la Lusaka. Mama mdogo apewe pole ya goti. Hapa ni majira ya baridi na mvua, na chumba changu kina ukuta mmoja unaotoka jasho. Mwaka wangu wa nne wa uzamivu unaisha Desemba.

Nimesoma swali lako mara nyingi. Siwezi kuona Kongo. Naweza kukueleza kazi yangu, na wewe uwaeleze.

Galaksi ni kusanyiko la mabilioni ya nyota. Nyota huzaliwa kutokana na gesi baridi, hidrojeni hasa, inayojikusanya kwa uzito wake mpaka kitovu chake kiwake. Zile kubwa ni za buluu. Hula akiba yao haraka na kufa ndani ya miaka milioni chache. Zile ndogo ni nyekundu, nazo huishi mabilioni ya miaka. Kwa hiyo galaksi inayozaa ina rangi ya buluu. Gesi ikikatika, za buluu huisha na zinabaki nyekundu. Galaksi haizimiki siku hiyo. Huendelea kung'aa muda mrefu sana, ila hakuna kinachozaliwa ndani yake.

Mimi nashughulika na galaksi moja ambayo kwenye orodha yetu ni ya 412. Mwanga wake umesafiri miaka bilioni mbili kutufikia. Ni nyekundu. Wengi wameiandika kuwa imekufa. Lakini kuna kosa ambalo watu wa kazi yangu hulifanya: vumbi nalo hugeuza rangi. Galaksi inaweza kuwa inazaa nyota kwa wingi nyuma ya vumbi zito, na kwa mbali ikaonekana nyekundu kama mzee. Kwa macho peke yake huwezi kutofautisha uzee na vumbi. Picha yangu inaonyesha mkanda wa vumbi. Nimewaambia wakubwa wangu tusiiandikie kifo mpaka tupate saa kwenye darubini ya redio ya Karoo, inayosikia gesi yenyewe, kwa sababu mawimbi ya redio hupita kwenye vumbi.

Lori lililofungwa, mzigo kamili, si ushahidi wa kifo. Ni rangi tu. Kwa hiyo neno langu ni hili: msizike bado.

Mwanao,
Gwantwa


Tunduma, 2 Julai 2025

Mwanangu Gwantwa,

Marahaba. Goti ni lile lile. Irene, binti wa shangazi yako, amepata kazi ya kupima uzito wa malori na sasa anatusalimia kwa kilo. Kahawa imevunwa nusu. Bei siijui na siiulizi.

Barua yako kaka aliisoma mezani tarehe 22 Juni, baada ya ibada, mbele ya watu kumi na wanne. Aliisoma polepole, na alipofika kwenye vumbi akairudia. Mama yako alikuwa jikoni, mlango wazi. Alitoka na mwiko mkononi akauliza: "Amesema yuko nyuma ya vumbi?" Kaka akasema: "Amesema nyota." Mama yako akasema: "Ana haja gani ya kutuandikia habari za nyota? Amesema mdogo wake." Akaketi, akapakua ugali, akala. Tangu Machi hakuwa amemaliza sahani.

Mzee Gwalugano aliliviringisha panga lake kwenye gunia. "Basi," alisema, "vumbi likitua mtaniita."

Neno hilo limetembea. Jumapili iliyofuata mchungaji alilitumia katika mahubiri. Sokoni Itumba wanawake humwuliza mama yako, "Vumbi vipi?" naye hujibu, "Bado liko juu." Amefungua chumba cha Mika, amekipaka chokaa.

Mimi nilikuwa safarini wiki ya pili ya Juni kwa shughuli za mzigo. Hakuna la kuandika kuhusu safari hiyo.

Kaka anauliza swali moja: galaksi iliyokwisha kuacha kuzaa, je, huweza kuanza tena?

Yesaya


Cape Town, 19 Agosti 2025

Baba mdogo, shikamoo.

Mwambie Irene nina kilo hamsini na tatu, zimepungua nne. Barua yako ilikaa siku ishirini mpakani Beitbridge; Ramadhan alinipigia kuniomba radhi kana kwamba yeye ndiye aliyefunga geti.

Jibu la swali la baba: mara chache. Galaksi iliyozimika inaweza kupokea gesi kutoka kwa jirani mdogo anayemezwa nayo, ikazaa kidogo, kisha ikanyamaza tena. Nyingi hazirudi. Na si moja moja tu. Miaka bilioni kumi iliyopita ulimwengu wote ulikuwa ukizaa nyota takriban mara kumi ya sasa. Tangu hapo kasi inashuka. Tunaishi kwenye mteremko wake. Haya ni mambo yaliyopimwa na watu wengi, si maoni yangu.

Naomba barua yangu ya Juni isisomwe tena. Niliandika juu ya 412 kwa sababu ndicho kitu ninachokijua. Nilipoandika "msizike" nilitoka kwenye ninachokijua. Naomba umwambie mama hivyo kwa upole.

Kuna jambo sikuliandika. Mwezi wa pili Mika alinipigia. Alisema barabara ya Kolwezi imemchosha, anataka kuacha lori arudi kwenye kahawa, lakini baba atamwonaje. Nilikuwa na mkutano baada ya dakika tano. Nilimwambia, "Piga safari moja ya mwisho, kisha tuongee vizuri." Ndivyo nilivyosema. Sitaki uniliwaze, nataka tu ujue barua ile iliandikwa na mtu wa namna gani.

Nimepewa saa arobaini kwenye darubini, mwezi ujao.

Gwantwa


Tunduma, 23 Septemba 2025

Mwanangu,

Marahaba. Wote wazima. Ketrina amenunua fimbo na anaitumia zaidi kunionyeshea vitu kuliko kutembelea.

Ombi lako nimelifikisha. Mama yako alisema barua ni yake, haiwezi kuombwa irudi kama sufuria ya kuazima. Ameiweka ndani ya Biblia.

Kuhusu neno ulilomwambia Mika, sina la kusema. Madereva wote wanaambiwa safari moja ya mwisho, na wengi wanarudi.

Sina jambo jingine. Foleni ni ndefu, kazi nyingi.

Yesaya


Cape Town, 30 Oktoba 2025

Baba mdogo, shikamoo.

Natumaini mama mdogo anaendelea vyema. Mimi sijambo. Mvua zimekwisha, upepo umeanza.

Matokeo yametoka. Kwa saa arobaini tulielekeza masahani yote ya darubini kwenye 412. Gesi ingekuwepo, ingeonekana kama kilima kidogo kwenye mstari wa grafu. Mstari umelala. Msimamizi wangu alinijia na chai, akaweka kikombe mezani, akasema, "Pole," jambo ambalo watu hapa hawalisemi juu ya data.

Katika kazi yetu haturuhusiwi kuandika "hakuna". Tunaandika: kama ipo, ni chini ya kiasi hiki. Kiasi nilichokiandika hakitoshi kuzaa chochote cha maana. Vumbi lilikuwepo kweli, lakini jembamba, mabaki ya zamani, na nyuma yake hakukuwa na moto. Wekundu ule ulikuwa uzee. Waliosema imekufa walikuwa sahihi kabla sijaanza shule ya sekondari. Nilikaa miaka minne nikiitetea.

Jambo la pili. Ramadhan alinipigia Ijumaa kusema ametuma bahasha. Mwishoni akasema, "Na pole kwa baba yako mdogo, safari ile ya Likasi ilimkondesha. Mimi ndiye niliyempakia." Nikamwuliza safari gani. Akasema mtandao unakatika. Haukuwa unakatika.

Wewe ni mtu wa mizigo, anayeandika namba ya lori, uzito na saa. Katika barua ya Julai uliandika "hakuna la kuandika". Naomba uniandikie ulichokiona, kwa namna ile ile unayoandika mambo ya mzigo.

Gwantwa


Tunduma, 24 Novemba 2025

Mwanangu Gwantwa,

Marahaba. Sitaandika habari za nyumbani leo.

Nilivuka na Ramadhan tarehe 8 Juni. Tarehe 11 nilifika katika mji mdogo ulio baada ya Likasi, kilomita tisa kutoka lori lilipokutwa. Kuna kituo cha afya chenye chumba cha maiti. Mtunzaji alikuwa mzee anayejua Kiswahili cha kwao, tulielewana. Alinionyesha daftari. Tarehe 17 Machi wachoma mkaa walileta maiti ya mwanamume wa miaka kati ya ishirini na tano na thelathini, waliyemkuta kwenye njia ya mguu, bila jeraha, bila karatasi, bila simu. Kwa chanzo cha kifo waliandika: homa kali. Alikuwa na funguo za lori mfukoni. Nadhani alizidiwa akiendesha, akafunga gari kama alivyofundishwa, akatoka kutafuta dawa, akapotea njia. Hilo la mwisho ni dhana yangu.

Walimhifadhi siku arobaini na sita. Hakuna aliyekuja. Tarehe 2 Mei walimzika kwa gharama ya mji. Kaburi namba 117, upande wa mashariki, kibati kimepigiliwa kwenye kijiti.

Mzee yule alikuwa na picha ya marehemu. Kidole cha shahada cha mkono wa kushoto hakina kucha. Unakumbuka mashine ya kumenya kahawa. Mika alikuwa na miaka tisa, na wewe ndiye uliyemfunga kwa kanga. Funguo alizonipa nilizijaribu baadaye kwenye lori, yadi ya Kasumbalesa. Zilifungua.

Nilirudi tarehe 20 Juni. Nilipanda kwenda Kafule tarehe 22 nikiwa na picha kwenye mfuko wa shati, nikimngoja kaka amalize ibada nimwite pembeni. Barua yako ilikuwa imeshatumwa Kafule, ikafika siku moja kabla yangu. Aliisoma mbele yangu. Mimi nilikuwa mmoja wa wale kumi na wanne. Nilimwona shemeji anakula. Nilisema nitangoja wiki moja. Kisha nikakuandikia wewe, na kwako pia nikangoja.

Sikukutuma uandike vile. Lakini niliitumia barua yako kujificha, miezi mitano, na wewe huko ukijilaumu. Hilo ni langu.

Kaka nimemwambia juzi. Aliitazama picha akasema, "Kidole ni chake." Akaniuliza kwa nini. Nikamweleza. Akasema, "Mimi pia ningengoja." Kisha akaenda kwa mzee Gwalugano mwenyewe, kwa miguu, kumwambia alete panga. Maziko ya mgomba ni tarehe 13 Desemba.

Mama yako tulimwambia sisi wawili, jikoni. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema: "Yesaya, mwanangu aliyesoma aliandika kwa mkono wake. Wewe unaniletea picha ya mtu aliyefumba macho." Akatuomba tumpishe, moshi ulikuwa unamsumbua. Hapakuwa na moshi.

Anasema akisikia kwako, atasikia. Njoo.

Yesaya


Kafule, 4 Januari 2026

Baba mdogo, shikamoo.

Nimemkabidhi Irene barua hii aishushe Tunduma. Natumaini mama mdogo amepunguza kukunyooshea fimbo.

Unajua nilichelewa. Basi liliharibikia Kapiri Mposhi, nikafika hapa tarehe 15, siku mbili baada ya mgomba. Baba amenionyesha udongo. Ameniambia kwamba wewe ndiye uliyeshika upande wa kichwa, kwamba waimbaji walikuja wote, na kwamba saa ile mama alikuwa sokoni Itumba anauza maharage, akamrudishia kila mteja chenji yake sawasawa. Matanga yameanuliwa bila yeye.

Sikumlaumu mtu. Hata wewe. Ningekuwa na picha ile mfukoni sijui ningefanya nini.

Nimemwambia. Mara ya kwanza ilikuwa jioni niliyofika. Nilipiga magoti, nikasema, "Mama, niliandika kitu nisichokijua. Mika amefariki. Amezikwa, na namba ya kaburi ninayo." Akanishika shavu akasema, "Mwanangu umechoka na safari. Oga kwanza." Akanichemshia maji.

Mara ya pili nilimpeleka shambani tukiwa wawili tu, nikamweleza yote kama ulivyoniandikia: wachoma mkaa, homa, funguo, kidole. Nilimweleza na ya 412, kwamba tulisikiliza saa arobaini na mstari ulilala, kwamba nilikosea miaka minne na nimesaini karatasi inayosema hivyo. Alikuwa akikata matawi makavu ya kahawa, akayapanga. Akauliza: "Huko kwenu, mlisikiliza saa arobaini tu?" Nikasema ndiyo. "Kwa nini si hamsini?" Nikamwambia saa hazikutosha, watu wengine nao walizihitaji. Akasema, "Ehee," kama mtu aliyepata alichokitafuta, akaendelea na matawi.

Mara ya tatu ni jana. Nilimsomea barua yako ya Novemba, neno kwa neno, mezani, kwa sauti, kama baba anavyosoma. Baba alikuwepo. Nilipomaliza, mama alisema, "Yesaya anaandika vizuri." Akainuka akafunika chakula cha Mika kwa kawa, akakirudisha kabatini. Baba alitoka nje. Mimi nilikaa.

Makala yangu ya 412 imekubaliwa kuchapishwa. Watu watatu waliikagua, na hakuna aliyebisha sentensi ile ya "kama ipo". Natakiwa Cape Town tarehe 20 kuitetea tasnifu, na nitakwenda. Sijui lingine la kumfanyia. Nilidhani nikija na kusema kwa mdomo wangu mwenyewe, litaisha. Nimesema kwa mdomo, kwa magoti na kwa maandishi.

Mama anakusalimu. Amenituma nikuulize kama yameingia malori kutoka Kasumbalesa wiki hii, na kama madereva wake umewauliza. Nilimwahidi nitakuuliza.

Nimekuuliza.

Gwantwa